Ila ya Fahari ya Dola

Mwenye masikio na akae, mwenye kazi na aende nayo, maana habari hii ni ya nchi isiyokuwepo, na watu wake hawafanani na mtu yeyote unayemjua. Ukiona wanafanana, kasoro ni ya macho yako.

Nchi yenyewe wenyeji waliiita Kwetu. Walipofika wageni kutoka ng'ambo nao wakaiita Kwetu, na kwa kuwa wao walikuja na mizinga, Kwetu yao ndiyo iliyoandikwa kwenye ramani. Aliyeona tofauti kati ya majina hayo mawili alishauriwa asiione.

Ilikuwa nchi ya chumvi. Chumvi ilichimbwa mabondeni ikapandishwa milimani kwa farasi jike wadogo, wenye manyoya mengi na adabu kidogo, waliozijua njia kuliko wenye nao. Kila ukoo ulikuwa na majike wake, na walipendwa kama mabinti wa nyumba. Basi siku moja Gavana, Sir Ambrozi Pendlebari, alikuwa akikagua gwaride, akawaona farasi hao wakipita nyuma ya askari na magunia yao, mmoja akasimama kabisa kumtazama. Gavana aliona haya kwa niaba ya dola nzima. Akasema nchi haiwezi kustaarabika ikiwa farasi wake wanamfikia mtu kiunoni. Wiki ile ile akaagiza farasi dume kwa meli.

Jina lake Fahari ya Dola. Baba yake Radi ya Kaskazini, mama yake Malkia wa Barafu, babu mzaa baba Tarumbeta wa Kwanza, babu mzaa mama Tarumbeta mwingine asiye na uhusiano na yule wa mwanzo. Liwali Badru alipewa kazi ya kuusoma ukoo wote pale bandarini, akafika kizazi cha tisa akaombewa kiti. Na tusiseme uwongo, farasi alikuwa mzuri. Mrefu, mwekundu wa kung'aa, shingo kama imechongwa na fundi. Wenye nasaba wa mji walimtazama wakasononeka, kwani nasaba zao wenyewe hazikuweza kupita babu wa tatu bila kumgusa muuza mkaa.

Tangazo likabandikwa kila mlango na kila mti uliosimama wima. Lilisema hivi:

"Fahari ya Dola atakuwa bandani kwa Serikali msimu huu, tayari kupanda majike wanaostahili. Hana kasoro. Hajawahi kuwa na kasoro. Wazazi wake hawakuwa na kasoro. Majike waletwe wameoshwa, pamoja na barua ya tabia njema kutoka kwa jumbe. Majike wenye maoni hawatapokelewa."

Hakuja jike hata mmoja.

Idara ya Matangazo ikaongeza ukubwa wa herufi. Hakuja mtu. Ikaongeza rangi nyekundu. Mbuzi wa mjini walifurahi, wakala matangazo mengi, lakini farasi hawakuletwa. Ndipo Serikali ikakumbuka kwamba watu wa Kwetu husikia vizuri kuliko wanavyosoma, ikamwita Mzee Vuai, mpiga mbiu.

Mzee Vuai alikuwa na sauti ambayo viziwi waliisikia wakageuka. Akapuliza pembe yake sokoni, akatangaza sifa za Fahari ya Dola neno kwa neno, bila kuacha hata Tarumbeta wa pili. Watu wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru, wakaenda nyumbani kula. Akarudia. Wakamshukuru tena.

Mahakama ikakaa. Tangazo likapimwa likaonekana halina kosa, kwa kuwa liliandikwa na Serikali. Farasi akapimwa akaonekana hana kosa, kwa kuwa aliletwa na Serikali. Kilichobaki hapo katikati kilikuwa sauti ya Mzee Vuai. Akashitakiwa kwa kutangaza kwa sauti yenye shaka, akahukumiwa kukaa jela mpaka majike waje, na kila asubuhi autangazie ukuta wa jela habari za Fahari ya Dola mpaka ukuta ushawishike.

*

Mzee Vuai alikuwa mume wa Bi Kidawa, na Bi Kidawa ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache kabla ya chai na mengi baada yake. Kazi yake ilikuwa ushenga. Nusu ya ndoa za mji ule zilipita mikononi mwake, na nusu iliyobaki, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ikijuta.

Wiki ya kwanza ya kifungo alifika jela na birika la tangawizi na asali, maana alijua koo la mumewe. Mlangoni alimkuta Sajini Mbaruku, mwenye funguo, naye akainuka kwa heshima akamwamkia shikamoo. Huyu Mbaruku aliposewa mke na Bi Kidawa. Siku ya posa Bi Kidawa aliwaambia wakwe wazi kwamba kijana ni mwema ila ana ila moja, hawezi kumwambia mtu hapana. Wakwe walicheka wakasema mume wa namna hiyo wamemtafuta siku nyingi. Serikali nayo iliposikia ikaona hiyo ndiyo sifa hasa ya askari, ikampa jela nzima aitunze.

Bi Kidawa akamwomba aingie. Mbaruku akasema ndiyo. Nusu saa kabla, mkuu wake alikuwa amemwambia asiruhusu mtu, na alikuwa amesema ndiyo vilevile.

Mzee Vuai alikuwa ameukalia mkeka akitazama ukuta, amekonda shingo.

"Umefikia wapi na ukuta?" mkewe akamuuliza.

"Bado unafikiri."

Wakacheka, kisha Bi Kidawa akageuka upande kidogo akajifuta macho na ncha ya kanga. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, wamezika pamoja, wamegombana kuhusu kila kitu isipokuwa jambo la maana, na nyumba bila sauti ile ilikuwa imepooza mpaka kuku walikuwa hawajui saa ya kulala. Akamwambia asijitie mawazo, sauti yake haina kosa. Kosa lilikuwa ndani ya tangazo.

"Najua," Mzee Vuai akasema. "Nilikuwa nikifika pale kwenye hana kasoro, ulimi unaniteleza."

*

Asubuhi yake Bi Kidawa alijifunga kanga mpya akaenda kwa Gavana. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni.

Pale Kwetu hakuna mchumba anayesadikiwa mpaka mshenga wake atie chembe ya chumvi ulimini na kutamka mbele za watu ila moja ya mchumba, moja ya kweli. Mshenga akisema uwongo na chumvi iko ulimini, chakula chake hakitakuwa na ladha mpaka siku ya kufa. Watu wa upande wa bibi arusi wakishaisikia ila ile, hujibu "tunamchukua nayo," na hapo ndipo ngoma huanza. Wakinyamaza na kusimama, posa imekufa. Wala hapatukanwi mtu. Kila upande hurudisha cha mwenzake siku ile ile, mkeka kwa mwenye mkeka na kuku kwa mwenye kuku, na mpiga mbiu hutangaza kwamba mambo yamekwisha. Mchumba asiye na ila hadharani, wazee walisema, anazo kumi chumbani. Ndiyo maana majike hawakuletwa. Hakuna mzazi wa kumpeleka binti kwa mwanamume ambaye hata babu yake hakuwa na kasoro.

Gavana alisikiliza akiwa wima, maana aliketi mara chache mbele ya wenyeji.

"Unataka nitangaze kwamba farasi wa Mfalme ana kasoro?"

"Moja tu, Bwana Mkubwa. Mbili ni za wanaume wa kawaida."

Gavana akamjulisha kuwa kumtaja farasi wa Serikali kwa ubaya ni uchochezi, na uchochezi una jela yake. Lakini simu ilikuwa imeshakuja kutoka ng'ambo ikiuliza ni majike wangapi waliokwisha kufikiwa na ustaarabu, na sikukuu ya kuzaliwa Mfalme ilikuwa inakaribia. Serikali isipoweza kukubali wala kukataa, huunda tume. Gavana akaunda tume. Akamwahidi Bi Kidawa, kwa neno lake la kiungwana, kwamba majike wakija mumewe atakwenda nyumbani.

Tume ya Kutafuta Ila Inayofaa iliongozwa na Liwali Badru. Liwali alikuwa mwenyeji, mtoto wa mji, na alikuwa na nishani nyingi hata mlio wake uliingia chumbani kabla yake. Wajumbe walikuwa mkuu wa polisi, daktari wa mifugo, na mpimaji ardhi mmoja aliyekosea chumba akachaguliwa katibu kabla hajapata mlango wa kutokea.

Mkuu wa polisi alipendekeza isemwe kwamba farasi hana mabawa. Likakataliwa, kwa sababu mtu angeweza kuuliza kwa nini Serikali haikumpa. Daktari wa mifugo akanong'ona kwamba farasi hupiga chafya majani yakiwa na vumbi. Akatakiwa aondoe kauli na amwombe farasi radhi, akaenda akamwomba. Mpimaji akasema kivuli cha farasi huwa kirefu mno jioni, shauri hilo likapelekwa Idara ya Sheria na mpaka leo liko huko. Kwa chai nyingi na sambusa za Serikali, tume ikafikia ila ambayo wote waliweza kuitia sahihi bila mkono kutetemeka: Fahari ya Dola ni mnyenyekevu kupita kiasi.

Bi Kidawa aliposomewa aliuliza jambo moja dogo, ni nani kati yao aliyeingia bandani kumtazama farasi. Hakuna aliyeingia. Daktari alimwomba radhi akiwa mlangoni. Ilihofiwa kwamba kumtazama kwa karibu kungewafanya wapendelee.

*

Yeye akaenda kumwona. Mshenga haposi mtu asiyempeleleza, awe na miguu miwili au minne. Akawauliza majirani wa banda, akamuuliza mpika uji wa farasi, mwisho akaketi kizingitini na mtunza farasi, Mzee Shaame, wakatafuna karanga. Mzee Shaame alimsifu farasi kwa kila kitu. Alisifu sana, kwa haraka sana, na kila aliposita alitazama nyuma ya majani makavu.

Nyuma ya majani makavu mbuzi akalia.

"Huyo nani?" Bi Kidawa akauliza.

"Hakuna mtu," Mzee Shaame akasema, akaangalia mbali. Mbuzi akalia tena. Mzee Shaame akashusha pumzi, akaeleza yote, na alionekana kupumzika kama mtu aliyetua gunia.

Kumbe njiani, baharini, Fahari ya Dola alikataa kula. Alilia na kutetemeka usiku na mchana mpaka mabaharia wakaanza kulia naye. Mtu mmoja, kwa kukosa pa kumweka, akamwingiza zizini mwake mbuzi jike mzee wa pembe moja, aliyekuwa akingoja kuchinjwa kwa ajili ya karamu ya nahodha. Farasi akanyamaza pale pale. Tangu hapo mbuzi alipokwenda farasi alikwenda, na mbuzi asipoonekana, mwana wa Radi ya Kaskazini hutetemeka kama mwenye homa. Mbuzi aliitwa Kitoweo, jina alilotoka nalo kwenye meli. Gavana aliamuru afichwe kila wageni wakija, na habari zake ziwe siri ya Serikali.

Bi Kidawa akaomba aonyeshwe. Kitoweo akatoka akitafuna kipande cha tangazo. Farasi mkubwa akainama, akaweka kidevu juu ya mgongo wa yule mbuzi, akafumba macho. Bi Kidawa alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikamwisha, akampapasa farasi puani.

"Maskini mwana wa watu," akasema. "Kumbe na wewe ni mtu tu."

*

Siku ya posa ya farasi watu walijaa uwanja wa gwaride, koo zote za milimani, majike wao wamefungwa mbali kidogo kwa tahadhari. Bendi ikapiga. Gavana akahutubia kwa saa nzima juu ya damu, chanzo chake na mahali inapoelekea. Liwali Badru akasimama kuongeza kwamba Bwana Mkubwa amesema yote, akayasema yote tena. Kisha Bi Kidawa akapanda jukwaani, akatia chembe ya chumvi ulimini.

Ila iliyoidhinishwa ilikuwa tayari kinywani. Mnyenyekevu kupita kiasi. Akawatazama watu, akaona jinsi watakavyokunja mikeka ndani ya mioyo yao, maana wachumba wanyenyekevu kupita kiasi walikuwa wameshaletewa wengi na kila mmoja walimjua alivyoishia. Wakisimama hawa, Vuai atazeeka na ule ukuta. Na chumvi ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Farasi huyu hana ila nyingi," akasema. "Anayo moja. Bila mbuzi wake hawezi kitu. Mbuzi akiondoka, analia."

Bendi ikaacha kupumua. Gavana akabadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu. Mkuu wa polisi tayari alikuwa ameweka mkono kwenye filimbi, lakini bibi mmoja wa milimani, Bi Mize, mwenye majike wazuri kuliko wote, akaita kutoka mbele.

"Mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

Mzee Shaame hakungoja amri, akamleta. Kitoweo akaja kwa hatua zake, pembe moja juu, na Fahari ya Dola akamwekea kidevu mgongoni mbele ya bendera, bendi na Gavana. Kicheko kikaanza kwa watoto kikapanda mpaka kwa wazee, kicheko cha watu waliomtambua ndugu. Bi Mize mwenyewe ndugu yake hakuenda safari bila mto wake wa kulalia.

"Tunamchukua nayo," akasema Bi Mize, na uwanja mzima ukaitikia.

Chai ya Gavana haikuwa imepoa, majike walikuwa wamepangwa kutoka banda la Serikali mpaka sokoni. Hawakuoshwa, na walikuwa na maoni. Fahari ya Dola, mbuzi wake akiwa kando, alifanya kazi yake kwa bidii ambayo maofisa wengi wangepaswa kuiiga.

*

Gazeti la Serikali lilieleza kwamba fikra ya mbuzi ilitoka kwenye tume. Liwali Badru akaongezewa nishani. Kitoweo akateuliwa Mshauri wa Kudumu wa Ufugaji, na kwa cheo hicho hakutakiwa kufungwa kamba tena.

Bi Kidawa akaenda kumchukua mumewe. Gavana alimpokea kwa tabasamu, akamwambia kwamba kimsingi Mzee Vuai yuko huru. Kilichobaki ni yeye kutoka. Kabla ya hapo lakini palikuwa na jambo moja dogo.

Gavana alikuwa amefikiri. Watu wa Kwetu waliitii Serikali, hilo hakulikana, ila walivyoipenda ni kama mtu anavyoipenda mvua ya siku ya arusi. Sasa farasi asiyependwa, kwa kutajwa ila moja tu, alikuwa amependwa na nchi nzima kwa dakika moja. Kwa nini Serikali nayo isipendwe? Iandaliwe posa rasmi, Serikali ikiwa mchumba na raia wakiwa upande wa bibi, na Bi Kidawa awe mshenga. Tume imeshakaa. Ila imeshapatikana: Serikali inawapenda raia wake kupita kiasi. Akiisema hiyo na watu wakajibu inavyotakiwa, Mzee Vuai atatoka jioni ile ile. Asipoisema, basi sauti ya mumewe itahitaji mazoezi zaidi, pengine na ya kwake pia.

Bi Kidawa alikwenda moja kwa moja jela, na safari hii alisahau birika.

Mzee Vuai alimsikiliza huku akiugusa ukuta kwa kidole. Mkewe alimwambia kwamba atasema wanavyotaka, na iwe basi, amechoka kula peke yake. Chumvi ni chumvi tu. Chakula kikikosa ladha atakula hivyo hivyo, wangapi wanakula bila ladha na wanaishi.

Mzee Vuai akaondoa kidole ukutani.

"Kidawa, mimi nataka kutoka. Usidhani sitaki," akasema. "Nataka kitanda changu na kelele zako. Lakini nikitoka hivyo, siku utakayoniambia chai ina sukari, nitakuaminije?"

Bi Kidawa alimkasirikia. Alimwambia mzee mzima na akili za mtoto, fanya unavyojua, akainuka akaenda zake bila kuaga. Kufika mlangoni Sajini Mbaruku akamuuliza kama analia. Bi Kidawa akamwambia halii. Mbaruku akasema ndiyo, mama.

*

Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Gavana alikuja amepanda Fahari ya Dola, manyoya meupe kwenye kofia, upanga ubavuni, amependeza kweli. Kitoweo alizunguka chini ya jukwaa akila ratiba ya sherehe. Gavana alihutubia kifupi, saa moja na nusu, Liwali akaongeza kwamba yote yamesemwa.

Bi Kidawa akatia chumvi ulimini. Chembe nyingine zikabaki kiganjani, jasho likazishika.

"Mchumba huyu nimempeleleza kama ninavyowapeleleza wote," akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakainama kusikia. "Anavaa vizuri. Ana bendi nzuri. Barabara yake ya kwenda bandarini imenyooka. Ila yake ni moja."

Liwali Badru akatikisa kichwa kumhimiza, midomo ikimtembea kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi. Bi Kidawa akamwona, akamwona na Gavana juu ya farasi akitabasamu, akaukumbuka mkeka wa jela. Moyo ulimuuma hasa.

"Hakuposa," akasema. "Tuliamka tukamkuta yumo chumbani."

Kisha ukasikika mlio wa watu wengi wanaosimama na kukung'uta nguo zao. Hakuna aliyepaza sauti. Walisimama tu, mmoja mmoja, mpaka pale mbele hakuna aliyebaki ameketi.

Gavana akafurahi. Alimuuliza Liwali kama wamesimama kwa heshima. Liwali Badru, ambaye mama yake aliposwa kwa chumvi ile ile, akageuka kuwatazama waliosimama. Alikuwa akijiuliza yeye yuko upande gani wa posa.

Watu wakaanza kurudisha. Jumbe wa sokoni akavua kofia ya Serikali akaiweka chini ya jukwaa. Tarishi akaweka filimbi. Mwingine akaleta matangazo ya Fahari ya Dola aliyoyabandua mlangoni, amekunja vizuri. Bibi kizee mmoja akarudisha kijiko alichozawadiwa kwa kufagia uwanja wake kabla ya ziara ya Gavana. Lundo likakua bila kelele. Ukasikika mlio wa nishani zikifunguliwa moja baada ya nyingine, na huyo alikuwa Liwali, akichukua muda kwa sababu zilikuwa nyingi.

Walipomaliza wakangoja chao.

"Na mimi namtaka wangu," akasema Bi Kidawa, akashuka jukwaani akashika njia ya jela. Watu wakamfuata.

Sasa mbuzi na chumvi, nani asiyejua. Kitoweo alinusa kile kiganja, akaacha ratiba akamfuata Bi Kidawa akilamba vidole vyake. Fahari ya Dola akamwona mbuzi anaondoka. Gavana akavuta hatamu, akavuta tena, akaita jina la Mfalme, akalitaja na la Tarumbeta wa Kwanza. Farasi alitetemeka, akapasua umati, akatia kidevu nyuma ya mbuzi wake. Kwa hiyo walioona maandamano yale kwa mbali wanaapa mpaka leo kwamba yaliongozwa na Gavana mwenyewe, kofia yenye manyoya ikipepea juu ya vichwa vya watu.

Sajini Mbaruku alisimama mlangoni funguo mkononi, akampigia Gavana saluti.

"Usifungue!" Gavana akapiga kelele.

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Mbaruku, mwanangu," Bi Kidawa akasema, "fungua."

"Ndiyo, mama."

Akafungua. Gavana alifumbua kinywa atoe amri nyingine, na ingetiiwa, hatuna shaka, ila Bi Kidawa alikuwa ameshapita na kiganja chake, mbuzi ameshapita nyuma ya kiganja, na farasi amepita nyuma ya mbuzi na kila kilichokuwa juu ya farasi. Mzee Vuai alikuwa anatoka. Wakapishana na Gavana pale mlangoni, wakaamkiana, kwani wote wawili walikuwa watu waliolelewa.

Bi Kidawa akamshika mumewe mkono akamtoa nje, akamwambia amekonda, akamwambia ananuka. Hakumwambia kingine, na mkono hakuuachia. Mtu mmoja akamletea Mzee Vuai pembe yake. Alikohoa kidogo, akaipuliza, akatangaza kama desturi inavyotaka:

"Posa imekataliwa! Kila mwenye chake akakichukue! Mgeni arudi kwao salama, hatumdai. Farasi abaki, yeye tulishamchukua na ila yake!"

Sauti ilipanda milimani ikarudi. Majike wakainua vichwa. Waliokuwa karibu na jela siku ile wanasema kwamba hata ukuta ulishawishika.